Mtu Aliyetuchagulia pa Kuanzia

Nahodha hakuwahi kuoga ziwani. Miaka yote tuliyokaa naye jirani hapa Rusimbi, mtaro tu katikati yetu, nilimwona anakinga maji ya bomba kwa ndoo, anaingia nayo nyuma ya mabati, anaoga huko kama mtu wa milimani ambaye hajazoea maji mengi. Watoto wa mtaani walimcheka, mtu wa boti anaogopa ziwa. Naye anawajibu, "Ziwa ni kazini kwangu. Nyie mmeshamwona mwalimu anaoga darasani?" Watoto wanacheka, yeye anacheka, na anayepita njiani anaondoka akisema mzee yule ana maneno.

Ana maneno, kweli. Tatizo halijawahi kuwa uhaba wa maneno.

Jina lake sitaliweka hapa, wala si kwa heshima. Hatukuwahi kulitumia tu. Mkewe alimwita Nahodha, watoto wake walimwita Nahodha, hata msikitini wakitaja waliotoa mchango walisema Nahodha katoa. Ila wenzake nitawataja. Mwenye boti ni Mashaka wa Kasingirima, yule mwenye jino la dhahabu, anayewapa watu mkono wa kushoto kwa sababu wa kulia umeshika simu. Fundi wa mashine ni Zuberi, siku hizi anabeba magunia ya dagaa Kibirizi. Wakisoma, au wakisomewa, wajue ni wao. Mimi nimeishia darasa la nne, sijafundishwa kuzungukazunguka.

Basi sikilizeni. Mdogo wangu Issa alizama na boti ya Mashaka. Mimi nilikuwemo humo humo, nikapona. Tulikwenda kumtafuta kando ya ziwa kwa miguu, tukaanzia pale Nahodha alipotuambia tuanzie, hatukumpata. Na Nahodha alijua kwamba si pale. Habari yenyewe ni hiyo, nimeimaliza. Kilichobaki ni mtu mwenyewe alivyokuwa, maana watu wananiuliza nilimwaminije, na mimi nataka waone kwamba na wao wangemwamini.

Kwanza, alikuwa mtu wa kuulizwa pa kuanzia. Sijui tabia hiyo ilianzaje. Mtu akitaka kuchimba choo, anamwita Nahodha aseme jembe la kwanza lipigwe wapi. Mtu akipeleka posa, anapita kwake kwanza amwambie aanze na mjomba wa binti au na shangazi. Naye hajibu haraka. Anavuta kofia mbele, anaangalia chini, anachukua kijiti anachorachora, kisha anasema, "Anzia hapa." Ukianzia hapo, mara nyingi inakubali. Kauli yake ilikuwa, "Niulizeni mimi kabla hamjaiuliza miguu." Mkewe, Bi Mkubwa, akimsikia hivyo anabinya midomo. "Msimwone hivyo," anatuambia wanawake wenzake. "Huko majini ni nahodha, humu ndani ni abiria. Hata chumvi inapokaa hapajui."

Alikuwa bahili wa chai. Ukienda kwake asubuhi utamkuta na birika, atakusalimia vizuri, "Mwakeye, mama," atakuuliza habari za nyumba nzima mpaka kuku, na birika litapoa katikati yenu hajakumiminia. Lakini mtu huyo huyo, siku uchungu wa mwanangu Siwema uliponishika kwa dada yangu kule Mtanga, mvua inanyesha na kila mwenye boti amekataa kutoka, alikuja yeye. Alinileta mpaka mwaloni Kibirizi, boti zinapofikia, akanipandisha mgongoni kama gunia mpaka barabarani. Nilimtapikia shingoni. Hata baadaye hakunitania kwa hilo, naye alikuwa mtu wa kutania kila mtu. Sasa mtu kama huyo unamwekaje moyoni? Nilimweka pale ambapo ningemweka baba yangu, kama ningekuwa naye.

Na alikuwa haapi. Hili lilijulikana mtaa mzima. Wengine kila neno wallahi, yeye hata ukimdai aape amwokoe mtoto wake kwenye kesi ya kuku, anasema, "Mimi siapi. Nikisema nimesema." Tuliona ni ucha Mungu. Kwa hiyo hata siku ile kubwa hakuna aliyemwambia aape. Tuliona aibu kumtaka kiapo mtu asiyeapa. Siku hizi nikilala ninalifikiria hilo peke yake: kwamba hakunidanganya kwa kiapo hata mara moja. Alijiachia kamlango kadogo ka kutokea, kwa Mungu huko.

Kabla mashine haijawashwa alikuwa na kawaida yake. Anapita katikati ya abiria, anamwuliza kila mtu, "Nani anakungoja?" Si unakwenda wapi, hilo anamwachia Zuberi. Yeye anataka kujua nani anakungoja. Wengine wanasema mume, wengine wanasema duka. Siku ile tulipandia Ujiji, tunakwenda Sunuka kuchukua mawese, mimi na Issa na madumu yetu matupu. Alipomfikia Issa, Issa akamwambia anangojwa na mawese. Nahodha akasimama. "Sema vizuri, kijana." Issa akacheka, akasema, "Basi, Mama. Mama ananingoja nirudi."

"Hapo sawa," akasema Nahodha, akaenda kwa mwingine.

Mvua ilitukuta mapema tukafunikwa turubai. Chini ya turubai hujui uko wapi, unasikia mashine na watu wanaotapika. Safari ilikuwa ndefu kuliko kawaida yake, na mwanamke mmoja akapiga kelele kuuliza kama Sunuka imehama. Sauti ya Nahodha ikajibu kutoka nyuma kwamba tunalizunguka wimbi la mdomo wa mto, tutulie. Tukatulia. Baadaye mashine ikapungua, vitu vizito vikagongagonga huko nyuma, tukadhani wanapanga mizigo. Kisha boti ikalala ubavu mmoja, ikakataa kuinuka. Nilishika dumu. Issa alikuwa upande wa pili wa boti, nilimwona kichwa mara moja, sikumwona tena. Boti kubwa ya wageni waliokuwa wanapandisha Kigoma ilituokota, mimi nikiwa sijitambui, ikatushusha Ujiji, ikaendelea na safari yake. Hakuna aliyewauliza mlituokotea wapi. Kwa nini waulizwe, wakati Nahodha tumeokolewa naye, yupo, anatetemeka ndani ya shuka la mtu?

Waliokosekana walikuwa watatu, Issa na vijana wawili wageni ambao hakuna aliyejua kwao.

Sasa niwaeleze jinsi tunavyofanya, kwa ambao hawakukulia ziwani. Mtu akizama na asionekane, ziwa halikai naye. Litamtoa, ila linachagua pa kumtolea. Kwa hiyo ndugu wanakusanyika, wanabeba unga, jembe, sanda na marashi, wanatembea ufukweni. Kundi moja linapita karibu na maji, kundi jingine linapita juu kwenye majani. Kila kijiji mnachofika mnasalimia na kuuliza kama wamepokea mgeni, na wao wanajua ni mgeni gani. Ukichelewa, wanakijiji watamzika wenyewe, kwani hawawezi kumwacha. Ufukwe ni mrefu, haumalizwi na miguu ya watu waliofiwa, na siku ni chache kabla hajaharibika. Mambo yote yapo kwenye kuchagua pa kuanzia. Na kwetu, anayechagua ni nahodha wa boti iliyozama. Yeye ndiye wa mwisho kuiona nchi kavu, yeye ndiye anajua upepo ulikuwa wapi. Hata kama watu wana hasira naye, hapo wananyamaza, anasema yeye.

Walikaa uani kwetu, mimi nimelazwa barazani nasikia kila kitu. Mjomba wetu Ramadhani alikuwa anataka tuanzie Sunuka na kushuka zaidi kusini. Sababu yake ilikuwa nyepesi tu: boti ilikuwa inakwenda Sunuka, na safari ilichukua muda mrefu, mimi nimesema mwenyewe. Mashaka alikuwa amekuja na gunia la unga begani mwa kijana wake, amekaa kwenye kiti ambacho hakupewa.

"Ramadhani, wewe ni mtu wa michikichi," akamwambia. "Ya maji waachie wenye maji."

Watu wakacheka kidogo, kicheko cha msibani. Mjomba akasema hata mtu wa michikichi anajua kuhesabu muda. Mashaka akamgeukia Nahodha. Wote wakamgeukia Nahodha. Naye akavuta kofia, akachukua kijiti. Alichora ufukwe mchangani kwetu, pale Mama alipozoea kuanikia muhogo. Akachora Ujiji, akachora mdomo wa Malagarasi, akaeleza upepo wa kusini unavyosukuma kila kitu kuja huku. Sauti yake ilikuwa ya chini. Akasema boti ilizama mbele ya mdomo wa mto.

"Anzieni Ilagala," akasema. "Mpandishe kuja Ujiji. Kusini msijisumbue, mtaumiza miguu bure."

Mama alikuwa amekaa mlangoni. Alikuwa anaongea Kiswahili akitaka, lakini siku zile kilimtoka chote, ilibaki Kiha. Alimwuliza kwa Kiha kama ana hakika. Nahodha alipiga magoti mbele yake, mzee mzima yule, akamshika mikono yote miwili. "Mama, mwanao nitakutafutia mimi mwenyewe."

Na alikuja. Hapo ndipo watu hawanielewi ninaposema nimechomwa. Kama angetutuma sisi akabaki nyumbani kwake, ningemwita mwongo, nikalala. Yeye alitembea na sisi. Mimi nilikuwa nimejikokota, mgongo unauma, watu wamenikataza sikukatazika. Yeye alikuwa mbele, kwenye kundi la majini, suruali imekunjwa, anapasua matete kwa panga. Mtu asiyeoga ziwani aliingia maji ya kifuani, kwenye matete ambayo wenyeji walituonya kuwa yana mamba, anaita, "Issa! Issa!" Sauti ilimkauka. Kiatu kilimla kisigino mpaka nyama, akavua, akaenda peku. Unga ulipopungua alisema amefunga. Nilimwona analia ameupa mgongo umati, na mimi, niliyefiwa, nilikwenda kumshika bega nikamwambia atulie, ni kazi ya Mungu.

Kila kijiji alikuwa yeye wa kuuliza. Mmepokea mgeni? Hawakupokea. Wangempokeaje?

Tulifika Ujiji na sanda yetu imekunjwa vile vile ilivyotoka dukani. Mama aliiweka chini ya mto wake. Alikataa tukae matanga. Alisema mwana wanje, yaani mwanangu, hajafa mpaka nimwone, na kama ziwa limekataa kumtoa basi halijammeza. Miaka ikapita hivyo. Akiona mtu mrefu anapita barabarani na ndoo anasimama. Nahodha alikuwa anakuja kila Ijumaa kumsalimia, anamletea samaki, migebuka, anakaa naye hata saa nzima. Mama alimpenda. Alipokufa, alizikwa na sanda ile ile ya Issa, aliomba mwenyewe. Nahodha aliingia kaburini kumpokea. Alimlaza kwa upole, akamwekea udongo shavuni vizuri, akapanda juu anahema. Nilimshukuru mbele ya watu wote.

Ukweli niliupata kwa Zuberi, na nisimpambe, hakunipa kwa huruma. Mashaka alikuwa amemwachisha kazi, akamweka mpwa wake kwenye mashine, na Zuberi akawa mtu wa kubeba magunia. Nilikwenda Kibirizi kununua dagaa, akanibebea, njiani akaanza kumtukana Mashaka, na katikati ya matusi ikatoka hiyo. Anasema siku ile Mashaka aliwaagiza wapite Sunuka bila kusimama, waende mpaka mbele ya Sigunga, kuna boti ya kutoka ng'ambo iwapakie mapipa ya mafuta ya magendo, kisha ndiyo warudi kushusha abiria. Boti ilizama huko, mapipa yakiwa yameshaingia. Mashaka alikuwa na boti nyingine mbili. Ingejulikana boti ya abiria ilikuwa Sigunga inafanya nini, zote zingekamatwa na Nahodha angevuliwa unahodha. Wakakubaliana kusema Ilagala.

Nilimwuliza kwa nini Ilagala, si wangesema hata Sunuka yenyewe, ilikuwa karibu zaidi na ilipozama.

"Mngeanzia Sunuka mngeulizia na jirani zao," Zuberi akasema. "Mngefika Sigunga."

Aliniambia hivyo gunia likiwa kichwani, hata hakulitua. Kisha akaniuliza kama nina nauli ya bajaji au tunaendelea kwa miguu.

Mashaka nilimfuata dukani kwake Kasingirima. Aliniambia nimezeeka vibaya, nimeanza kusikiliza wabeba mizigo. Wateja walikuwepo, wakatazama pembeni. Sikutegemea zaidi kwake. Mashaka amekuwa Mashaka tangu zamani, hakuwahi kunibeba mgongoni.

Nikaanza kupanga safari upya. Kutoka Sunuka mpaka Sigunga na kupita, kuna ufukwe, kuna miamba, kuna mashamba yaliyoshuka mpaka majini, kuna vitongoji vya wavuvi vinavyohama. Siwema alisema twende tu tukaulize. Mjomba Ramadhani, macho hayaoni tena, alisema tuanzie Sigunga turudi na upepo kuja Sunuka. Hakusema, "Si niliwaambia?" Angekuwa na haki ya kusema. Na mimi nikawaambia subirini, kuna mtu wa kuulizwa kwanza. Siwema alinitazama kama nina wazimu. Lakini nilitaka nimpe nafasi. Nilitaka aseme mwenyewe, kwa mdomo wake, na nilishajiandaa kwamba akisema nitalia na yataisha.

Nilimkuta baada ya alasiri, uani kwake, miguu imevimba ameinyoosha juu ya mkeka. Bi Mkubwa alikuwa harusini. Nilimwamkia, "Shikamoo, mzee wangu," akaitika, akaniuliza habari za nyumba, za Siwema, za kuku. Kisha, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akanimiminia chai.

Nikamwambia nataka kwenda kumtafuta Issa tena. Najua ni mifupa sasa. Najua labda kijiji fulani kilimzika na kuna mzee anayekumbuka. Nataka tu nijue amelala wapi, nimsomee. Nimekuja kuuliza nianzie wapi.

Alivuta kofia. Akatafuta kijiti mkekani, hakukipata, akatumia kidole. Nilikiangalia kile kidole. Kilikwenda polepole kwenye mkeka, kikapiga kona, kikasimama.

"Ilagala," akasema. "Pale pale mdomoni. Safari ile tulipita haraka kwenye matete. Kama si miguu hii, mwanangu, ningekwenda nawe."

Sauti ile ile ya chini. Na ninaamini angekwenda. Angekwenda na miguu yake ile, akaingia majini, akaita Issa mpaka sauti ikauke.

"Mzee," nikamwambia, "safari hii naanzia Sigunga."

Hakushtuka. Aliinua uso akanitazama, akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei:

"Nani kakwambia?"

Chai ilikuwa mkononi mwangu, inaniunguza, sikujua niiweke wapi. Kuku alipanda mkekani, akamfukuza kwa mkono. Nilifikiri ataniomba radhi, au atakana, au atamtaja Mashaka. Akakohoa, akakunja miguu yake kwa shida, akageukia kusini kama tuko kwenye boti.

"Basi ukishuka Sigunga mwaloni usirudi njia ya juu," akasema. "Pita chini, kwenye mawe. Utafika mahali pana kijito na migomba. Juu ya migomba hapo yapo makaburi matatu, wameyazungushia mawe. Issa ni wa katikati."

Niliuliza amejuaje ni wa katikati.

"Nilionyeshwa shati."

Alikuwa amekwenda wiki ile ile, tulipokuwa tumerudi na sanda, kisigino bado kibichi. Wenyeji walimwambia wanataka kupeleka habari Ujiji ili ndugu waje. Naye aliwaambia wasihangaike, ndugu wameshapewa taarifa, wameridhia. Alinieleza hayo yote kwa utaratibu, bila kuruka kitu, anaangalia kama nimefuata vizuri, kama anavyomwelekeza mtu anayechimba choo. Kisha akaninyooshea kidole kikombe, akasema chai inapoa.

Nikasimama. Nikafunga khanga yangu vizuri. Na mdomo wangu huu, uliofundishwa na Mama heshima tangu mdogo, kabla sijaukamata, ukamwambia:

"Ahsante, mzee wangu."